Lalamiko Bila Hesabu Halifiki Mbali: Kwa Nini Kijana Wetu Asome Sosholojia



 Nimeombwa nizungumze kuhusu kusoma sosholojia chuo kikuu. Najua wengine wenu mmemaliza kidato cha nne, mna ile C+ ama zaidi, na mwavinjari orodha ya KUCCPS hamjui mchague nini. Wengine tayari mko mwaka wa kwanza, mmepelekwa kwenye kozi hii bila kuipenda sana. Haya nitakayosema yawahusu nyote.

Mzazi akisikia mtoto amechukua sosholojia, swali la kwanza huwa: "Sasa hiyo utakuja kufanya kazi gani?" Ni swali la haki. Mzazi ameuza mbuzi, ama amekopa kwenye chama, lazima aulize. Nitalijibu, lakini kwanza tuelewane hii sosholojia yenyewe ni kitu gani. Manake wengi hudhani ni kupiga gumzo barazani kuhusu jamii, kisha mwisho wa miaka minne wapewa cheti.

Chukueni mfano. Kijana amefika miaka 18, aenda kuomba kitambulisho. Aambiwa lete cheti cha kuzaliwa. Alete. Aambiwa lete karatasi za baba. Alete. Aambiwa lete za babu, kisha uje mbele ya wazee upigwe msasa. Miezi yapita. Nyumbani wasema ni bahati yake mbaya, ama hakuamka mapema, ama hakutoa kitu kidogo. Mwenyewe naye aanza kuamini kwamba kosa ni lake.

Sasa ukitoka nje ukapata nyumba ya pili yasema vivyo hivyo, na ya tatu, na ya kumi, lakini ng'ambo ya pili ya mji vijana wachukua vitambulisho bila hata kuulizwa jina la babu, hilo si jambo la bahati ya mtu tena. Mwanasosholojia wa Marekani, C. Wright Mills, alilieleza hili katika kitabu chake The Sociological Imagination cha mwaka 1959. Alitenganisha shida ya mtu binafsi na suala la umma. Katika mji wa watu 100,000, mtu mmoja tu akikosa kazi, tuangalie tabia yake na ujuzi wake. Lakini katika nchi yenye wafanyakazi milioni 50, milioni 15 wakiwa hawana kazi, usiende kumtafuta kila mmoja umuulize umekosea wapi. Angalia nchi imepangwa vipi.

Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya sosholojia: kujua lini shida ni ya mtu, na lini ni ya mpangilio. Na huwezi kujua kwa kupiga kelele. Wajua kwa kuuliza vizuri na kuhesabu vizuri.

Kuna anayeogopa akidhani elimu hii ni ya wageni, ya watu wasiomjua Mungu. Kweli, darasani utamsoma Karl Marx na maneno yake kuhusu dini. Msome, umuelewe, umjibu kwa hoja. Lakini pia ujue kwamba karne nyingi kabla yake, Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, mtu ambaye baadaye alikuwa kadhi mkuu wa madhehebu ya Maliki mjini Cairo, alikaa akaandika Muqaddimah. Aliiandika mwaka 1377 akiwa kwenye ngome iliyoko Algeria ya leo. Humo alitafuta sababu za dola kuinuka na kuanguka, akazungumza juu ya asabiyya, ule mshikamano unaowafanya watu wasimame pamoja.

Tena angalieni alivyofanya kazi. Palikuwa na habari iliyoandikwa na wanahistoria kwamba jeshi la Bani Israili zama za Nabii Musa lilikuwa na askari 600,000 ama zaidi. Ibn Khaldun hakusema "ameandika fulani, basi ni kweli." Aliuliza: jeshi la ukubwa huo lingeweza vipi kupangwa vitani, upande mmoja usijue upande wa pili wafanya nini? Watu wangewezaje kuongezeka kiasi hicho katika vizazi vichache? Akaikataa ile hesabu. Sasa pima na sisi. Mtu atumiwa ujumbe kwenye WhatsApp wenye namba kubwa ya kutisha, hauna chanzo, na kabla hajamaliza kusoma ameshausambaza kwa makundi matano. Namba ya uongo haitetei haki. Siku ikigunduliwa ni ya uongo, hata ile ya kweli uliyokuwa nayo haitaaminiwa.

Twende mbele. Mwaka 1896 Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, kilimchukua kijana mweusi anayeitwa W. E. B. Du Bois kuchunguza hali ya watu weusi mjini Philadelphia. Mwaka uliotangulia alikuwa amepata shahada ya udaktari Harvard, mtu mweusi wa kwanza kuipata pale. Wakubwa wa mji walikuwa na jibu lao tayari: mtaa ule una uhalifu na umaskini kwa sababu ya watu wake. Du Bois alihamia mtaani pale na mkewe. Akapita nyumba kwa nyumba, familia kama 2,500, akiwa na hojaji yake. Mnafanya kazi gani? Mwalipa kodi kiasi gani? Mlizaliwa wapi? Mwaishi wangapi chumbani?

Kitabu kilitoka mwaka 1899, kinaitwa The Philadelphia Negro. Kilionyesha watu waliofungiwa milango ya kazi za ufundi, wanaotozwa kodi kubwa kwa nyumba mbovu, na wenye historia ya utumwa nyuma yao. Na hakuficha uhalifu uliokuwepo. Aliuandika, akaueleza. Sikizeni hapo vizuri: hakuwatetea watu wake kwa kuficha, aliwatetea kwa kueleza ukweli wote. Ndiyo maana mpaka leo kitabu kile chasomwa.

Somo lake kwetu ni hili. Mitaa yetu imechunguzwa sana. Anakuja mtu na fomu, anauliza, anapiga picha, anaondoka, na wewe hujui alichoandika. Na anayetunga swali ameshashika nusu ya jibu. Chukua maswali mawili. La kwanza: "Kwa nini vijana wa mtaa huu huvutiwa na itikadi kali?" La pili: "Vijana wa mtaa huu waliomba kazi mara ngapi mwaka jana, na walifika hatua gani?" Vijana ni wale wale, mtaa ni ule ule, lakini ripoti zitakuwa mbili tofauti kabisa. Swali la kwanza limeshahukumu kabla ya mtu kufungua mdomo. Ukisoma sosholojia wajifunza kuliona swali kama hilo mapema, na kutunga lililo bora.

Na je, wale vijana wa maskani, waonwao wavivu? Miaka ya 1930 watafiti vijana wa Austria, akiwemo Marie Jahoda na Paul Lazarsfeld, walikwenda kijiji cha Marienthal, karibu na Vienna, ambako kiwanda kilikuwa kimefungwa na karibu kila familia ikakosa kazi. Watu wangedhani mtu asiye na kazi atasoma zaidi kwa vile ana wakati. Walipofungua daftari la maktaba, waliona vitabu vinavyoazimwa vilipungua karibu nusu, ingawa ada ya kuazima ilikuwa imeondolewa. Wakakaa dirishani na saa, wakapima mwendo wa watu barabarani. Wanaume walitembea polepole na kusimama-simama. Wanawake walikwenda haraka, kwa kuwa kazi za nyumbani hazikuisha. Wakaelewa kwamba kukosa kazi kwa muda mrefu kwamwondolea mtu hata mpangilio wa siku yake. Kijana akikaa maskani kutwa nzima, usianze na neno uvivu. Uliza kwanza ameanza kukaa pale lini, na kabla ya hapo alikuwa akifanya nini.

Jambo jingine kuhusu hao wa Marienthal: walikubaliana kwamba asikae mtafiti yeyote pale kama mtazamaji tu. Waligawa nguo, wakaleta daktari, wakafungua darasa la kushona. Huo ni uungwana wa utafiti. Usichukue tu, toa pia.

Sasa tuje kwa masomo yenyewe. Vyuo vyatofautiana, lakini kwa kawaida shahada ni miaka minne. Mwaka wa kwanza ni utangulizi. Baadaye zaja nadharia, yaani kina Durkheim, Weber na Marx, kisha masomo ya familia, dini, uhalifu, afya, miji na vijiji. Katikati kuna somo ambalo wanafunzi wengi hulikimbia: mbinu za utafiti na takwimu. Wasema, "Mimi nilitoroka hesabu ndiyo nikaja huku." Ndugu yangu, dada yangu, hilo ndilo somo litakalokulisha. Nadharia bila takwimu itakufanya msemaji mzuri. Na takwimu bila nadharia itakufanya karani. Vishike vyote viwili.

Na vifaa vipo vya bure. Ripoti za sensa ya 2019, ile iliyopata watu 47,564,296 nchini, ziko kwenye tovuti ya KNBS. Zina idadi ya watu mpaka kiwango cha kata ndogo. Programu ya R ni ya bure, yafanya yale yanayofanywa na programu za kulipia. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 yakupa haki, wewe raia, kuiandikia ofisi ya umma ukaomba taarifa. Mwanafunzi wa sosholojia afaa aitumie hata kabla ya kumaliza chuo.

Lakini kuna amana. Mtu akikueleza habari zake, amekukabidhi. Usimhoji bila ridhaa, usiandike jina lake pasipo haja, usiache daftari lako ovyo. Katika mitaa ambako watu wameshawahi kuchukuliwa usiku, jina likivuja laweza kumdhuru mtu na familia yake. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na utafiti rasmi wahitaji kibali cha NACOSTI. Zijue zote mbili. Lakini hata kama sheria isingekuwepo, amana ni amana.

Je, hesabu yaweza kubadilisha kitu? Turudi kwa kitambulisho. Wanubi waliletwa Kenya na Waingereza kama askari, wakaishi Kibera vizazi kwa vizazi, na bado watoto wao waliulizwa uraia. Kesi ilipelekwa mbele ya Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto. Machi 2011 kamati iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto hao, ikiwemo haki ya uraia na haki ya kutobaguliwa. Uamuzi kama huo haupatikani kwa uchungu peke yake. Wahitaji mtu aliyeketi akaandika nani aliombwa nini, lini, na mwenzake hakuombwa.

Mwaka 2025 Rais alitangaza kuondolewa kwa ule msasa wa ziada kwa watu wa kaunti za mpakani. Alhamdulillah. Lakini tangazo latolewa jukwaani, kitambulisho chatolewa kaunta. Je, kaunta imebadilika? Wewe wasema imebadilika, mwenzako asema bado. Wa kujua ni yule aliyehesabu.

Sasa lile swali la mzazi. Mwambie ukweli. Hakuna mlango mwingi ulioandikwa "Anatafutwa mwanasosholojia." Kazi zipo kwa majina mengine: idara za kaunti za jamii na vijana, huduma za watoto, urekebishaji wa wafungwa, mashirika yasiyo ya serikali, kampuni za utafiti, ofisi za wafanyakazi. Na wanaozitafuta ni wengi. Atakayetangulia ni yule anayeweza kutunga hojaji, kusimamia wahojaji, kuchambua data na kuandika ripoti inayosomeka kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Mwenye cheti kitupu atateseka, nisiwadanganye.

Namaliza na kazi ndogo, ya aliye chuoni na asiye chuoni. Wewe unayekwenda kuomba kitambulisho ama cheti chochote, anza daftari leo. Andika tarehe uliyokwenda, ofisi gani, uliombwa karatasi gani, ulijibiwa nini, na tarehe uliyopata. Umhimize na mwenzako afanye hivyo. Baada ya mwaka mmoja, watu 50 wakiwa na madaftari 50, tutakuwa na kitu cha kuweka mezani. Na huenda kikatuonyesha mambo tusiyoyatarajia, hata yasiyotupendeza. Tutayaandika vilevile.