Maelezo ya Zana kwa Wakala wa Akili Mnemba na Namna ya Kuyapima

(Mazungumzo ya Afisa Habari wa Wizara mbele ya watumishi wa Serikali na wafanyabiashara wa nafaka waliofika Kibaigwa, Wilaya ya Kongwa, Mkoa wa Dodoma. Yanachapishwa kwa manufaa ya watumishi wengine na wananchi kwa jumla.)



Sisi tuliotoka Visiwani tumezoea kuliona gunia la mahindi likiwa limeshateremshwa bandarini Malindi. Leo tumeliona linakoanzia, hapa kando ya barabara kuu ya Dodoma na Morogoro. Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo kwa juu juu linaonekana liko mbali na gunia hilo, nalo ni ubora wa maelezo ya zana zinazotumiwa na wakala wa akili mnemba. Wakala ninayemkusudia si dalali wa soko hili wala wakala wa meli. Ni programu inayopokea swali la mtu kwa lugha ya kawaida, ikachagua yenyewe zana ya kulishughulikia: kutafuta bei, kukata tiketi, kujaza fomu au kupeleka agizo. Mwezi wa Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ya Marekani ilitangaza utaratibu wa wazi uitwao Model Context Protocol wa kuunganisha zana na programu za namna hii, na tangu hapo kazi ya kuandika maelezo ya zana imeingia katika ofisi nyingi.

Inafaa ifahamike kwamba wakala haioni undani wa zana. Inachopewa ni jina lake, maelezo yake, na orodha ya mambo ya kujazwa. Hali yake ni ya karani mgeni aliyekabidhiwa funguo za ghala usiku, na mwenye ghala keshaondoka, akaachiwa kikaratasi mezani. Atafanya yaliyomo katika kikaratasi, na palipokosekana neno atakisia.

Tuchukue zana ya kutafuta bei ya mahindi ya Kibaigwa. Rasimu ya kwanza ya maelezo yake niliiandika mimi mwenyewe kwa ajili ya mazoezi ya ofisini, nayo ilikuwa sentensi moja: "Zana hii inatoa bei ya mahindi." Kiswahili chake ni safi, na wenzangu waliisoma wakaipitisha. Lakini bei ya mahindi mangapi? Wizara yenye dhamana ya biashara Tanzania hutoa bei ya jumla kwa gunia la kilo 100. Kenya gunia la mahindi ni la kilo 90. Tuseme, kwa mfano tu, zana imejibu 80,000. Mfanyabiashara wa Unguja anataka tani 10. Wakala inayolihesabu gunia kuwa kilo 100 itamwambia atafute shilingi 8,000,000. Inayolihesabu kuwa kilo 90 itamwambia karibu 8,889,000. Zote mbili zimesoma maelezo yale yale, na hakuna iliyokosea hesabu.

Tena sisi tuna lumbesa. Serikali imepiga marufuku ufungashaji huo, lakini kila mkulima wa ukanda huu anaujua. Gunia lililoshindiliwa na kushonewa kilemba likafika kilo 120, likauzwa kwa hizo 80,000, limemletea mkulima kiasi cha shilingi 667 kwa kilo, ilhali wakala inamhakikishia kuwa kauza kwa 800. Kilo 20 zimekwenda bure, na mashine imemtuliza moyo.

Rasimu tuliyofikia baadaye inasema hivi: "Hutoa bei ya jumla ya mahindi iliyoandikwa sokoni Kibaigwa kwa tarehe iliyotajwa. Bei ni shilingi za Tanzania kwa gunia la kilo 100 lililopimwa kwa mizani. Isitumike kwa bei ya rejareja, kwa unga, wala kwa nauli ya mzigo hadi Unguja. Siku isiyo na kumbukumbu, jibu ni 'hakuna', si sifuri." Hilo la mwisho lisidharauliwe. Sifuri ni bei, na wakala itaiingiza katika wastani bila ya kuuliza.

Vipimo vina madhara makubwa kuliko tunavyodhani. Mwezi wa Septemba 1999 Marekani ilipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kwa sababu programu moja ilitoa hesabu kwa vipimo vya Kiingereza na nyingine ikazipokea kama za metriki. Kwetu upo mtego wa saa pia. Mwananchi anayetaka boti ya saa moja asubuhi anakusudia saa ambayo mashine huiandika 07:00, na maelezo yanayosema "jaza saa" tu yanaweza kumkatia tiketi ya usiku wa manane usio na boti.

Sasa vipi tuyapime? Kuyasoma na kuyasifu hakutoshi, hata msifu akiwa ni akili mnemba nyingine, ijapokuwa hiyo inaweza kutusaidia kugundua kipimo kilichosahauliwa. Yakusanywe maswali kama watu wanavyouliza, pamoja na "mahindi debe shilingi ngapi", apewe wakala, na iangaliwe imefanya nini. Baadhi ya maswali yawe yale ambayo zana hii haifai kuitwa kabisa, kwani zana inayoitwa kila mara nayo ina kasoro. Mengine yapungukiwe na jambo, tuone kama wakala itauliza au itabuni. Kila swali lirudiwe mara kadhaa, maana majibu ya mashine hizi hubadilika. Ibadilishwe sentensi moja kwa wakati mmoja, ili tujue ni ipi iliyosaidia. Na maswali yaliyotumika kurekebisha maelezo yasiwe ndiyo ya kutolea alama. Huo utakuwa mtihani uliovuja.

Zana ya kusoma bei na zana ya kupeleka agizo zisipimwe kwa uzani mmoja. Ya pili inatoa fedha ya mtu mfukoni, na maelezo yake lazima yaitake wakala ipate kwanza kauli ya mwenyewe. Hata hivyo maneno peke yake si kufuli. Kizuizi kiwekwe ndani ya zana yenyewe. Aidha, maelezo ya zana iliyotoka kwa watu tusiowajua yasomwe na binadamu kabla ya kuunganishwa, kwani yanaweza kufichwa humo amri ambayo wakala itaitii.

Ofisi zenye rasimu za maelezo ziambatanishe maswali yasiyopungua 20 yaliyoulizwa na wananchi wenyewe, kwa maneno yao, na kuyawasilisha kupitia masjala. Rasimu isiyo na maswali itarejeshwa.