Kutunza Shaba ya Milango ya Mji wa Kale
Hotuba kwa wamiliki wa nyumba na mafundi, Mombasa



Leo sizungumzii mbao, bali shaba: njumu, pete na minyororo mnayoiona Ndia Kuu na vichochoroni. Husimuliwa kwamba njumu zilianzia Bara Hindi, kuzuia tembo wasivunje malango. Hapa kwetu tembo hajabisha hodi; njumu ni pambo na alama ya uwezo wa mwenye nyumba.

Adui wetu ni chumvi. Upepo wa bahari huileta, unyevu huiyeyusha, shaba ikaanza kuliwa. Tofautisheni mambo mawili. Rangi ya hudhurungi au kijani iliyokoza, iliyoshika vizuri, ni ngozi inayokinga shaba, iacheni. Unga wa kijani hafifu unaotoka ukiugusa, na ukifutwa hurudi, huo ndio ugonjwa. Mwiteni mtaalamu mapema.

Idi ikikaribia, au arusi, kila mtu anataka mlango ung'are. Hapo hutoka ndimu, jivu na msasa. Ndugu zangu, kila msuguo huondoa shaba yenyewe, na nakshi ikifutika hairudi. Ndimu ni asidi. Hula zinki iliyomo ndani ya shaba, ndiyo maana njumu hubaki na madoa mekundu. Dawa za dukani nazo huacha ukoko mweupe kwenye nakshi na kuchafua ubao.

Tumieni brashi laini na kitambaa chenye maji kidogo, tena maji baridi yasiyo na chumvi, si ya kisima. Kausheni kabisa, kisha pakeni nta nyembamba na kuifuta. Nta ikiisha, rudieni.

Mafundi, njumu ikianguka msipigilie msumari wa chuma uliopakwa rangi ya dhahabu. Chuma kikigusana na shaba penye chumvi huoza upesi, na kutu hupasua ubao. Irudisheni ileile, ikipotea, subuni nyingine ya shaba kwa kufuata mwenzake.

Anayepita na mizani hununua shaba kwa kilo. Hanunui kazi ya mkono wa fundi. Msimuuzie. Na kabla ya kung'oa chochote, piteni kwanza ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho ya Taifa, kwani urithi huu unalindwa na sheria ya mwaka 2006.

Anayetaka kujifunza kupaka nta abaki. Brashi tunazo, na mlango uko hapo nje.