Rehani Mfu

Mkulima wa miwa wa Kidatu akitaka kukopa fedha, huenda akaambiwa aweke shamba rehani. Waingereza huliita jambo hili kwa neno la Kifaransa cha kale, maana yake "rehani mfu". Mwaka 1628 mwanasheria Edward Coke alieleza sababu: mdeni asipolipa siku iliyowekwa, shamba limekufa kwake; akilipa, rehani imekufa kwa mwenye kumdai. Zamani aliyechelewa siku moja alipoteza shamba. Baadaye mahakama zikampa nafasi ya kulikomboa. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yasema rehani ni dhamana tu, haihamishi shamba, na mwenye kudai sharti atoe ilani kwanza. Basi, kabla ya kutia sahihi, someni hati yote. Kwaherini.