Maji ya Kitalu Yaende kwa Zamu
Maneno ya Kamati ya Kitalu kwenye harambee ya mwaka



Mwaka jana tulisimama hapa tukawaomba tanki la pili la kitalu nyumba. Leo hatulitaki tena. Tulikosea, na ni vema mlisikie kwetu wenyewe.

Nyanya za mwisho wa banda zilikuwa zinaoza kitako, huku za mlangoni zimesimama kwenye tope. Tukasema maji hayatoshi. Kijana mmoja wa kikundi akatega vikombe viwili, kimoja chini ya tundu la kwanza la mpira wa matone, kingine chini ya tundu la mwisho. Baada ya dakika kumi cha kwanza kilikuwa na maji ya kutosha kunawa uso. Cha mwisho kimelowa tu. Na tanki lilikuwa bado nusu!

Hesabu yenyewe ni hii. Mpira mmoja una matundu 100, na kila tundu hutoa kama lita 1 kwa saa. Mipira iko 24. Tukifungua yote pamoja tunadai lita 2,400 kwa saa kutoka kwenye bomba ambalo, tulipolipima kwa ndoo na saa, halikufika lita 500. Basi tumeigawa katika kanda sita za mipira minne. Kanda moja inataka lita 400, na hizo bomba linaziweza.

Mzee mmoja alipoelezwa alicheka sana. "Si ndiva hiyo?" Kweli. Ndiva hujaa usiku, asubuhi hufunguliwa, na maji hushuka mferejini kila upande kwa zamu yake. Tumekua tukizoa tope la ndiva kwenye msaragambo, kisha tukaingia kwenye nyumba ya nailoni tukasahau.

Zamu zenyewe hazilingani. Nyanya zenye matunda hupata nusu saa asubuhi na nusu saa alasiri. Miche, yenye mizizi mifupi, hupata dakika kumi mara tatu. Tunaanza saa kumi na mbili asubuhi, jua halijawa kali. Siku ya mawingu tunachimba kwa kidole kwanza. Udongo ukiwa bado na unyevu, kanda hiyo inarukwa.

Shida iliyobaki ni kwamba tunafunga mipira kwa kuikunja na kuikaza kwa raba ya baiskeli. Mama anayesimamia akienda msibani, zamu zinavurugika. Tunahitaji koki sita, moja kwa kila kanda, na chujio, kwa sababu mchanga unaziba matundu.

Fedha za tanki mlizochanga ziko benki, hazijaguswa. Tunaomba ruhusa yenu tununue hivyo kutoka humo, na zinazobaki ziungane na mchango wa leo kwa ajili ya ndiva yenyewe, maana tanki letu hujazwa kutoka mfereji wake. Tope limepanda, na lango linavuja usiku kucha. Mikono ya msaragambo tunayo. Saruji na lango jipya ndivyo hatuna.