Kivuli Ndicho Kinachochonga Picha



Picha haina kina. Ni karatasi tu, au kioo cha simu. Hata hivyo anayeitazama huona bonde, shavu, mgongo wa kilima. Kinachomwonyesha ni kivuli. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyeandika Kitab al-Manazir mwanzoni mwa karne ya 11, alieleza kwamba jicho hupokea nuru itokayo kwenye vitu, na kwamba umbo hatulioni tu bali tunalihukumu. Karne sita baadaye Galileo alitambua milima ya mwezi kwa vivuli vyake.

Nasi hapa Njombe, badala ya mwezi, tunayo mashamba ya viazi. Saa moja na nusu asubuhi, jua likiyapiga matuta ubavuni, upande mmoja wa kila tuta unang'aa, wa pili ni giza, na kivuli kinajaza mfereji. Piga picha hapo, utayahesabu matuta. Rudi mchana, katikati ya Oktoba. Njombe iko kama nyuzi 9 kusini mwa ikweta, kwa hiyo siku hizo, na tena mwishoni mwa Februari, jua hupita utosini kabisa. Matuta yale yale sasa yamelala kama mkeka. Juni ni rafiki zaidi: jua la adhuhuri huinamia kaskazini, na nguzo ya mita 1 hutupa kivuli cha sentimita 64 hivi, ukungu ukiruhusu. Maana ukungu wetu hufuta vivuli vyote, ingawa hutupa fidia: kilima cha mbali hufifia kuliko cha karibu, na umbali ukaonekana.

Ila jambo linalonigusa zaidi ni nyuso. Taa ya kamera ikimulika usoni moja kwa moja, pua inazama na mashavu yanakuwa bapa. Tena ngozi yetu nyeusi ina kanuni yake. Juu yake umbo husomeka zaidi kwenye mng'ao kuliko kwenye kivuli: mstari wa nuru juu ya mfupa wa shavu, kwenye paji, kwenye mwinamo wa pua. Mng'ao huo hauhitaji mtambo wa gharama. Mketishe mtu kando ya mlango ulio wazi, nuru imfikie kwa ubavu, na upande wa pili uache uwe na giza. Giza likizidi, tundika shuka jeupe upande huo.

Kwa hiyo, wenye studio, nawaomba: zimeni taa ya mbele, na msiwalainishe wazee wetu kwa programu za simu. Mikunjo ile na mifupa ile ndiyo sura yao. Wajukuu watakaoirithi picha wana haki ya kuiona sura hiyo.