Saa Nane za Usiku Kwenye Bani

Msikilizaji wetu wa Ugalla, ni saa nane za usiku na hujalala. Moto wa bani la kukaushia tumbaku unawaka, unachungulia kipimajoto kila mara, na kichwani unazungusha hesabu: deni la mbolea, ada ya mtoto, siku ya soko. Shingo imekaza. Asubuhi mtoto anamwaga uji kidogo tu, unamfokea kana kwamba kabomoa nyumba.

Huo ni msongo wa mawazo. Si kurogwa, wala si uvivu. Mwili ukihisi hatari humwaga homoni, adrenalini na kotisoli. Moyo hudunda, misuli hukaza, sukari hupanda kwenye damu. Ukikanyaga karibu na nyoka porini wakati wa kurina asali, maandalizi hayo yanakuokoa. Lakini deni haliondoki kama nyoka. Linakaa miezi, na mwili unabaki umejiandaa usiku na mchana. Ndipo usingizi unapopotea na tumbo linapovurugika.

Anza na pumzi: vuta polepole kwa pua, toa taratibu zaidi ya ulivyovuta, dakika tano. Andika madeni kwenye daftari, kisha umwonyeshe mwenzako. Pangeni zamu ya bani na jirani ili ulale. Usitegemee gongo: itakulaza, kisha itakuamsha usiku wa manane.

Nawasihi hasa akina baba, maana nyie ndio mnaonyamaza. Wiki mbili zikipita huli wala hulali, nenda zahanati. Ukiwaza kujiua, nenda leo, usiende peke yako, na umweleze mhudumu yote uliyoyaficha nyumbani.