Mdogo kando ya mkubwa

Ndugu wa kazi, na ninyi mama na vijana wa mji,

Leo tuitazame Ufini, inchi ndogo kando ya Urusi. Urusi iliivamia mwaka 1939. Walipigana mara mbili, na mwaka 1944 Wafini wakashindwa. Walinyang'anywa hata mgodi wa nikeli wa Petsamo. Sisi watu wa mgodi tunajua maana yake.

Tena waliandikiwa deni la dola milioni 300, la kulipa kwa vitu: meli, mashine, mbao. (Sisi makarani tungetafuta hila ya kuchelewesha.) Wao walijenga karakana, wakafundisha mafundi, wakamaliza deni mwaka 1952. Karakana na mafundi vikabaki vyao. Mwaka 1956 Urusi ikarudisha Porkkala, karibu kabisa na mji wao mkuu Helsinki, ingawa ilikuwa imeikodi kwa miaka 50. Siku zote hizo Bunge lao walilichagua wenyewe.

Lakini tusifiche neno. Kwa miaka mingi magazeti yao yaliogopa kutaja makosa ya jirani. Hapo hatuwafuati. Deni tungelilipa, gazeti letu tusingelifunga kinywa.

Mwenye swali ainue mkono.